KUNUNUA NYUMBA AU KIWANJA GAIRO: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJATOA HELA

Kwa wale mnaolipia nusu saa hapo kafe, nitajitahidi nisizunguke. Hii ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zinakimbia, i-printi ukasome nyumbani. Ukurasa mmoja wa printa ni rahisi kuliko kesi ya ardhi.

Mada ni hii: watu wengi wa Dar, Morogoro mjini na Dodoma wananiuliza kuhusu kununua nyumba au kiwanja huku Gairo. Wamechoka na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kelele, na foleni. Wanataka sehemu tulivu ambayo hela ya mnyonge inaweza kufanya kitu. Mimi sio wakili wala afisa ardhi. Nimemaliza Form Four, nakaa hapa hapa, na mwaka juzi dada yangu alinituma nimtafutie mahali. Yeye ni mama ntilie Dar, amepanga chumba kimoja miaka 11. Alinitumia akiba yake yote ya vikoba akaniambia, "Mdogo wangu, hizo hela zikipotea, usinitafute." Ndiyo maana nilijifunza haya mambo kwa kasi. Nayaweka hapa ili na wewe usianze sifuri.

GAIRO NI WAPI NA KWA NINI WATU WANAIPENDA

Wenzetu Marekani wana kitu wanaita nchi ya farasi, kwa mfano Lexington kule Kentucky au Ocala kule Florida. Ni sehemu za majani na fensi ndefu, na mtu akichoka na jiji anakimbilia huko. Gairo farasi hamna. Mbung'o na maradhi yake hayakuwapa farasi nafasi sehemu kubwa ya Tanzania. Sisi tuna punda, tena wachapakazi, wanabeba madumu ya maji asubuhi na magunia ya mahindi jioni. Ng'ombe nao wapo. Ukivuka kwenda upande wa Kongwa unakuta ranchi ya taifa, kwenye nchi ile ile ambayo Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Karanga ziligoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, mifugo ikabaki. Kwa hiyo kama unatafuta sehemu ya uwazi, upepo na mifugo, ndiyo hii.

Gairo iko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu nusu ya safari. Zamani tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa, tukawa wilaya kamili mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 193,011 wilaya nzima. Wenyeji ni Wakaguru, ila mjini kuna Wagogo, Wanguu, Wamasai na wafanyabiashara kutoka kila kona. Juu upande wa Nongwe ni milima ya Ukaguru, kijani na baridi. Huku chini mjini ni pakavu, kuna upepo, na mwezi wa sita na wa saba utavaa sweta mpaka mchana.

Mtu akikuuliza kwa nini bei huku ni nafuu kuliko Dodoma au Morogoro mjini, jibu sio uchawi. Maji ni shida, ajira za ofisini ni chache, na hospitali kubwa ziko mbali. Utulivu una bei yake, jamani. Ukijua hilo mapema hutalaumu mtu.

SWALI LA KWANZA: HIYO NI ARDHI YA AINA GANI?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unanunua haki ya kuitumia, pamoja na nyumba au mazao yaliyopo juu yake. Sheria kubwa ni mbili, zote za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zilianza kutumika Mei 2001. Zinagawa ardhi mafungu matatu:

1. Ardhi ya jumla. Hapa ndipo ilipo ardhi ya mijini. Haki yake inatolewa kwa hati miliki ya miaka maalumu, mwisho miaka 99.

2. Ardhi ya kijiji. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Hati yake ni hati ya hakimiliki ya kimila, na kwa mwanakijiji inaweza isiwe na kikomo cha miaka.

3. Ardhi ya hifadhi. Misitu, vyanzo vya maji, hifadhi ya barabara na kadhalika. Hapa huuziwi. Akikuuzia mtu, amekuuzia hewa.

Sasa Gairo mjini na vijiji vinavyozunguka vimebanana. Unaweza kuvuka korongo moja ukawa umetoka kwenye mtaa na kuingia kijijini, na utaratibu wa kununua umebadilika. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, uliza: hapa ni kijiji au ni eneo la mji? Kisha usiishie kwa muuzaji. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya ukaulize hilo hilo. Kuuliza ni bure.

Kwa wale wa nje: asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kupewa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wake. Usikubali kuandikwa jina kwa niaba ya mgeni kwa kupewa hela ya soda. Kesi itakuwa yako.

NYUMBA YA KWANZA: BEI CHEE NA CHOKAA MPYA

Nyumba ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa vyumba vitatu, bati, karibu kabisa na barabara kuu. Dalali akaniambia, "Dogo, hapa dada yako akiweka genge tu, malori yanasimama, anapiga hela." Kweli nikaona genge kichwani. Nikampigia dada, naye akafurahi mpaka akalia kwenye simu.

Ila kuna kitu kilinishika. Nyumba nzima ilikuwa imechakaa, lakini ukuta wa mbele, sehemu moja tu, ilikuwa na chokaa mpya. Nikarudi siku ya pili asubuhi peke yangu, jua likiwa chini. Ukitazama kwa pembeni, chini ya chokaa unaona mistari miwili imekatana. X.

Wadau, kwa Gairo hili ni la kukariri kwa sababu mji wetu umeota kando ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo maana utaona X za rangi mbili. X nyekundu ni mtu aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, anatakiwa kuondoka bila fidia. X ya kijani ni yule ambaye sheria mpya ilimkuta pale, na huyo anastahili fidia eneo likihitajika. Zote mbili maana yake ni moja kwako mnunuzi: usinunue.

Nilichofanya: nilichukua futi kamba ya fundi, nikapima kutoka katikati ya lami mpaka ukuta wa mbele. Mita 19. Nikamrudia dalali nikamwambia mita 19. Akacheka, "Dogo bwana, hao wa barabara wanatisha tu, miaka yote watu wapo." Labda. Ila dada yangu hana akiba ya pili.

VIPIMO: HATUA ZA NANI?

Huku viwanja vingi vinauzwa kwa hatua. Unaambiwa "hatua 20 kwa 20" au "ekari moja, hatua 70 kwa 70". Hesabu hii ilitoka kwenye yadi. Hatua moja ikiwa yadi kamili ni sentimita 91, kwa hiyo hatua 70 ni kama mita 64, na 64 kwa 64 inakupa karibu mita za mraba 4,096. Ekari ni mita za mraba 4,047. Safi kabisa.

Sasa tazama mchezo. Mtu anayepima kwa hatua za kawaida, sentimita 75, hatua zake 70 ni mita 52.5. Zidisha: mita za mraba 2,756. Umelipia ekari umepewa kama theluthi mbili. Kwenye kiwanja cha hatua 20 kwa 20, kwa hatua za mtu huyo umepata mita 15 kwa 15, yaani 225 badala ya kama 334. Ni hesabu ya Form One tu, lakini inakula mamilioni.

Kwa hiyo beba futi kamba ya mita 30 au 50, fundi yeyote anayo. Pima pande zote nne, na pima pia kona kwa kona. Vipimo vya kona kwa kona vikilingana na pande zinazotazamana zikilingana, kiwanja chako kiko mraba. Andika mita kwenye mkataba. Neno hatua lisiwemo kabisa.

KIWANJA CHA PILI: MZEE, MKE WAKE NA WAJOMBA

Kiwanja cha pili kilikuwa ndani kidogo, mbali na lami, kuna mwembe na shimo la choo limeshachimbwa. Muuzaji mzee mmoja mpole. Akasema, "Mwanangu, mimi nauza kwa shida ya matibabu. Lete kishika uchumba laki tatu, nyingine baada ya mavuno." Nikatoa laki tatu. Kosa langu la kwanza na la mwisho. Karatasi niliyoandikiwa ilikuwa ya daftari, mashahidi wawili, wote rafiki zake.

Wiki iliyofuata nikaenda kufyeka. Akatoka mama mmoja na jembe begani. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unafanya nini shambani kwangu?" Ni mke wa mzee. Hakuwa na habari. Kesho yake wakaja watu watatu wazima, ndugu wa upande wa mama yake mzee, wakasema ardhi ile ni ya ukoo na haiuzwi bila wao.

Kama wewe ni wa kuja, lifahamu hili. Wakaguru kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa, pengine kuliko baba. Siku hizi mambo yamechanganyika, wengine wamenunua ardhi kwa hela yao na hawana cha mjomba. Lakini ardhi ya urithi, usikae na muuzaji peke yake. Uliza: "Mzee, ardhi hii uliipataje?" Akisema ni ya urithi, mwambie ungependa kuwasalimia wajomba na ndugu. Mwenye nia njema atakupeleka. Atakayekwepa amekujibu.

Kuhusu mke, hapo sio mila tu, ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwa hiyo mke asaini na picha yake ibandikwe. Kama muuzaji ni mwanamke mwenye mume, mume naye asaini. Kama muuzaji anasema mwenye ardhi alifariki, aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. "Mimi ndiye mtoto mkubwa" sio barua ya mahakama.

Laki tatu nilirudishiwa laki moja na nusu, kwa awamu, baada ya yule mama mwenyewe kumbana mumewe. Iliyobaki nilimlipa dada kwa kubeba matofali miezi miwili. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililouma zaidi.

UTARATIBU WA KUFUATA, HATUA KWA HATUA

A. Kama ni ardhi ya kijiji

Muuzaji na mnunuzi mnakwenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Maombi yanapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, ambayo ni kikao, sio mtu mmoja. Halmashauri ikiridhia, inaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Ukipewa ardhi mpya na kijiji chenyewe, sio kununua kwa mtu, basi mkutano mkuu wa kijiji lazima uwe umekubali. Omba nakala ya muhtasari yenye sahihi na mhuri. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa sebuleni kwake usiku, ni wino tu.

Baadaye unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kinatakiwa kiwe kimepimwa mipaka yake na kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji. Uliza hilo mapema.

B. Kama ni eneo la mji lisilopimwa

Anzia serikali ya mtaa au kitongoji ili kuthibitisha kuwa muuzaji anajulikana na hakuna mgogoro. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize mchoro wa mipango miji unasemaje kuhusu eneo hilo. Inawezekana pamechorwa shule, soko au barabara. Ukishajenga nyumba kwenye mchoro wa soko, usije ukalia.

C. Kama kina hati au barua ya toleo

Hiki ndicho salama zaidi na ndicho ghali zaidi. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, fanya upekuzi kwa msajili wa hati. Ofisi ya ardhi ya mkoa iko Morogoro mjini. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Angalia pia risiti za kodi ya pango la ardhi, maana deni linahamia kwako. Tembelea kiwanja uone bikoni, yale mawe ya zege yenye namba, na uhakikishe namba zinalingana na ramani. Hati nyingi za makazi zina sharti la kujenga ndani ya muda, kwa kawaida miezi 36.

Uhamisho unapitia kwa wakili na ofisi ya ardhi. Kwa kawaida ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na muuzaji mkazi analipa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyopata. Mkubaliane nani analipa nini kabla, mkiandike. Utahitaji namba ya NIDA, picha na TIN.

D. Kwa vyote vitatu: mkataba

Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Uwe na majina matatu ya kila mtu, namba za vitambulisho, picha, vipimo kwa mita, majirani wa pande nne na sahihi zao, bei kwa tarakimu na maneno, namna ya kulipa, sahihi ya mwenza na ya ndugu kama ni ardhi ya ukoo, na mashahidi wa pande zote mbili. Majirani ni muhimu kuliko mnavyodhani. Jirani aliyesaini leo hawezi kesho kusema mpaka uko kwenye mwembe.

Hela ipite benki au kwenye simu ili ibaki na kumbukumbu. Usitembee na mamilioni kwenye mfuko wa rambo.

Na ile "asilimia kumi ya ofisi" unayoweza kudaiwa? Hiyo sio kodi ya serikali. Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Ukidaiwa, omba hivyo viwili kwa adabu, uone itakavyokuwa.

KAGUA NA HAYA

Maji. Huu ndio wimbo wetu. Visima vingine huku vina chumvi. Kabla ya kununua, nenda kwenye bomba au kisima kilicho karibu, onja, kisha nawa kwa sabuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, jua utakuwa unanunua maji ya kunywa. Uliza majirani dumu ni shilingi ngapi mwezi wa kumi, sio mwezi wa nne. Jenga na tenki la maji ya mvua tangu mwanzo.

Makorongo. Kiangazi yanaonekana kama njia ya mbuzi. Masika ni habari nyingine. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliisomba Kilosa mpaka reli ikakatika, na Januari 2014 maji yalivamia Magole na Dumila, barabara hii hii ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Tazama mashina ya miti: takataka zilizonasa juu zinakuonyesha maji yalifika wapi.

Upepo. Gairo upepo haukuombi ruhusa. Kwenye nyumba iliyokwisha jengwa, panda uangalie kenchi zimefungwa vipi kwenye ukuta. Misumari miwili mitatu haitoshi.

Mchwa na msingi. Gonga fremu za milango. Tazama nyufa zinazotoka kona ya dirisha kwenda chini. Tofali za kuchoma zilizopigwa plasta nje zinaweza kuficha tope ndani, kwa hiyo chungulia sehemu ambayo plasta imebanduka.

Njia za mifugo. Ukiona njia pana iliyokanyagwa inakatiza shambani, uliza. Usifunge njia ya ng'ombe ukidhani umenunua utulivu. Migogoro ya wakulima na wafugaji mkoa huu sio hadithi. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Kiwanja kisiwe sababu ya damu.

Umeme. Hesabu nguzo kutoka laini ya karibu. Na mjue kuwa tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ukinunua nyumba yenye mita, angalia mita imeandikwa jina la nani.

Maneno ya "reli inakuja". Kuna madalali bado wanapandisha bei kwa kusema treni ya umeme inapita. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma Julai 2024, na njia yake inapita Kilosa, Kidete na Gulwe. Gairo mjini haipiti. Sisi tuna barabara. Nunua kwa ajili ya kile kilichopo.

UKIPATA MGOGORO

Usikimbilie kurusha ngumi wala kubomoa fensi ya mtu. Kuna baraza la ardhi la kijiji, kazi yake ni kusuluhisha. Kuna baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu, haliamui kesi. Usuluhishi ukishindikana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Na msilale: dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Mtu akikaa kwako muda wote huo umenyamaza, mahakama haitakuwa na huruma.

ILIVYOISHIA KWA DADA

Kiwanja cha tatu tulikipata kijijini, mwendo wa kama nusu saa kwa baiskeli kutoka stendi. Sio cha kupendeza, hakina mwembe. Muuzaji alikuwa mama mjane, lakini alikuja na barua ya mahakama, kaka zake wawili na watoto wake wakubwa, mkubwa wao akiwa na kalamu yake mwenyewe mfukoni. Kikao cha halmashauri ya kijiji kiliahirishwa mara mbili. Dada akawa ananipigia kila jioni, "Vipi, bado?" Nikawa namjibu, "Bado dada, vumilia." Majirani wanne walisaini. Tulipima kwa futi kamba mbele ya watu wote, mita 20 kwa 25, na kona kwa kona ikatoka sawa, mita 32. Wazee wakapiga makofi kama tumefunga goli.

Mpaka leo hana hati, ana mkataba na nakala ya muhtasari tu, ziko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la mama. Nyumba imefika kwenye lenta. Pasaka alipokuja, alisimama katikati ya chumba kisicho na paa, akauliza jikoni litakuwa wapi. Nikamwonyesha. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akavua viatu, na hakuondoka mpaka jua likazama.

Kwa hiyo wadau, kwa kifupi kwa wale ambao dakika zimekwisha: jua aina ya ardhi, pima kwa mita, pima kutoka katikati ya barabara, ona mke na wajomba, pata muhtasari wa kikao, lipa kwa njia yenye kumbukumbu, na onja maji.

Kama una swali au umewahi kupigwa kiwanja na una la kuwafundisha wengine, liandike hapo chini kwenye maoni. Matusi tutayafuta, majina ya watu msiyataje. Wenye ujuzi wa sheria wakiona nimekosea mahali wanirekebishe, sitanuna.

Nawakilisha kutoka Gairo, upepo ukiwa mkali kama kawaida.